Msimu Ukiisha, Cheo Chaenda Wapi?

Habari iliyozunguka miongoni mwa vijana wanaocheza gemu za vita mtandaoni ni kwamba pasi za msimu zimeanza kupoteza makali. Kwa asiyeujua mchezo huu, pasi ni orodha ya zawadi unayoilipia kisha ukaifungua ngazi kwa ngazi kadiri unavyocheza: mavazi, rangi za bunduki, mikogo ya kumcheza adui uliyemwangusha. Kwa miaka mingi sharti lilikuwa moja. Msimu ukifika mwisho hujamaliza, zilizobaki zimekupita, na pesa yako hairudi. Sasa baadhi ya watengenezaji wanaliacha sharti hilo. Halo Infinite ilitangulia mwaka 2021, Helldivers 2 ikafuata Februari 2024, na Marvel Rivals ilipotoka Desemba mwaka huo huo ikaja na pasi ambayo ukishainunua ni yako, hata ukiimaliza mwakani. Barazani kwetu Kibokoni, Mombasa, jambo hili limepokelewa kama mwezi wa Idi. "Sasa mtu atacheza kwa raha zake," nimesikia likisemwa zaidi ya mara moja.

Mimi naona furaha hiyo imebisha mlango wa jirani. Kalenda ilikuwa kero, sikatai, lakini wachezaji hawakuchoshwa na kalenda. Wamechoshwa na malengo ya muda mrefu yasiyomgusa mtu mwingine yeyote. Ukipanda ngazi, mwenzako hakubadilikiwa na kitu. Ukishuka, hakuna aliyepungukiwa. Lengo la namna hiyo, hata ukipewa miaka kumi kulitimiza, ni kibarua kisicho na mwajiri wala jengo. Lengo hudumu pale ambapo ulichokifanya leo kinaacha alama ambayo wenzako, na hata maadui zako, watalazimika kuikuta kesho. Gemu chache zimelielewa hilo, na nyingi zinazochezwa kwenye simu zetu hapa Mombasa hazijalielewa, au zimelielewa zikaona halilipi.

Turudi nyuma kidogo. Counter-Strike ilipoanza mwaka 1999 ilikuwa nyongeza iliyotengenezwa na mashabiki wawili juu ya gemu nyingine, Half-Life. Haikuwa na levo, yaani ngazi za kupanda. Ungeingia baada ya mwaka mzima wa kucheza, ungeanza na bastola ile ile anayoanza nayo mgeni wa jana. Kilichokua ni mkono wako, na jina lako kwenye seva uliyoizoea, ile kompyuta mnayokutania kucheza. Novemba 2007 ikaja Call of Duty 4, na mambo yakabadilika kabisa. Kila adui uliyemuua alikupa pointi, pointi zikakupandisha levo, levo zikafungua bunduki, mpaka levo ya 55. Ukifika huko uliulizwa swali la ajabu: je, uko tayari kufutiwa kila kitu urudi levo ya kwanza, ili upewe nembo mpya pembeni ya jina? Ungeweza kukubali mara kumi. Watu walikubali kwa wingi. Nadhani siku ile watengenezaji walijifunza jambo ambalo hawajalisahau hadi leo, kwamba mchezaji anaweza kulipwa kwa kunyang'anywa.

Kutoka hapo safari ni fupi. Mwaka 2013 Dota 2 iliuza kijitabu cha mashindano chenye zawadi za kufungua, robo ya mauzo ikaingia kwenye mfuko wa washindi. Desemba 2017 Fortnite ikaifanya pasi kuwa desturi ya dunia nzima. Mwaka uliofuata PUBG Mobile ikaingia kwenye simu, na pamoja nayo ngazi ya vyeo ambayo vijana wa hapa wanaijua kuliko majina ya magavana: shaba, fedha, dhahabu, kisha platinamu, almasi, taji, Ace, na juu kabisa Conqueror, cheo cha wachache walio kileleni mwa seva yao. Msimu ukiisha mfumo hukushusha ngazi kadhaa, nawe unaanza kukwea tena ukuta ule ule.

Nimewahi kuona kwa macho jinsi malengo haya yanavyofanya kazi ndani ya mtu. Jioni moja vijana wanne walikuwa wamekaa kwenye baraza la nyumba moja karibu nasi, simu nne zimechomekwa kwenye ekstensheni moja iliyopitishwa dirishani, kila mmoja na bando la saa moja. Kikosi kimoja, ramani ya Erangel ya PUBG Mobile, duara la usalama limeshabana. Mmoja akapigwa, akawa anatambaa nyuma ya jiwe akingoja mwenzake amwinue. "Wendapi wewe? Niinue, n'shapigwa mimi!" Mwenzake, aliyekuwa hatua kumi tu kutoka kwake, alikuwa akikimbia upande mwingine na bastola mkononi, bunduki kubwa ameitia mgongoni. "Ngoja yakhe, nabakisha mmoja." Kumbe kazi yake ya siku ilikuwa kuua maadui wawili kwa bastola. Alimpata wa pili. Kisha akafa yeye, akafa aliyekuwa akitambaa, na kikosi kizima kikatoka nafasi ya saba. Yule wa bastola alikuwa amekunja uso kama waliopoteza wote, lakini kidole chake kilikwenda moja kwa moja kwenye kitufe cha kuchukua zawadi. Pointi mia moja na ushei za pasi.

Tazama kilichotokea pale. Mtengenezaji alimpa mtu mmoja lengo linalopingana na lengo la watu wanne, kisha akamlipa kwa kuwaacha wenzake. Wala si hitilafu. Kazi za siku zimeundwa ili kukurudisha kila siku, na njia rahisi ya kukurudisha ni kukupa jambo unaloweza kulimaliza peke yako bila kumtegemea mtu, maana wenzako wanaweza wasiwepo. Hivyo gemu inayotangazwa kuwa ya vikosi inakua, misimu kwa misimu, kuwa gemu ya watu binafsi waliosimama karibu karibu.

Anayedhani nazidisha umuhimu wa hizi kazi za kila siku na aangalie kilichotokea China. Tarehe 22 Desemba 2023 mamlaka inayosimamia gemu nchini humo ilitoa rasimu ya kanuni zilizotaka kupiga marufuku zawadi za kuingia kila siku, zawadi za kuweka pesa mara ya kwanza na zawadi za kutumia pesa mfululizo. Hakuna gemu iliyofungwa, wala hakuna bunduki iliyoondolewa. Ilikuwa rasimu tu. Siku hiyo hiyo hisa za Tencent, kampuni kubwa ya gemu ya huko, zilianguka kwa zaidi ya asilimia 12, na za mshindani wake NetEase kwa takriban robo ya thamani yake. Mwezi uliofuata rasimu ikaondolewa kwenye tovuti. NetEase hiyo ndiyo iliyoitoa Marvel Rivals na pasi yake isiyokwisha muda. Sioni mgongano hapo. Kampuni inaweza kukusamehe tarehe ya mwisho na isipoteze kitu, mradi uendelee kuzoea kufungua simu kila asubuhi kuona umewekewa nini. Kilichowatia hofu wenye hisa ni hilo zoea la kila siku, nalo pasi mpya hazijaligusa.

Hata hivyo upande wa pili una hoja, na moja ni nzito. Ngazi ni shule. Mtu anayeingia leo kwenye gemu ya vita yenye bunduki arobaini, magari, mabomu ya aina sita na ramani ya kilomita nane kwa nane, akipewa vyote kwa pamoja atachanganyikiwa, na wenye miaka mitano ya mazoezi watamgeuza asusa. Levo humfungulia vitu kidogo kidogo, na vyeo humpanga na walio sawa naye. Mantiki hii ni ya zamani kuliko kompyuta za nyumbani. Mfumo wa kupima wachezaji wa chesi uliobuniwa na Arpad Elo, profesa wa fizikia aliyezaliwa Hungaria akahamia Marekani, ulipokelewa na shirikisho la chesi duniani mwaka 1970, na hadi leo gemu nyingi zinatumia hesabu za ukoo huo. Siwezi kuwalaumu. Bila kipimo, anayeanza angepigwa mechi ishirini mfululizo akaifuta gemu.

Lakini kipimo cha Elo kina tabia ambayo ngazi za msimu hazina. Ukishindwa kinashuka, ukishinda kinapanda, na alichopata mmoja ndicho alichopoteza mwenzake. Hakikupi pointi kwa kuhudhuria. Kwenye gemu zetu za simu, kujificha ndani ya bafu mpaka wengine wauane kunakupandisha, na katika ngazi za chini wengi wa unaowapiga ni roboti zilizowekwa ili ujione mwamba. Mwenye saa sita za kucheza kwa siku atamzidi cheo mwenye saa moja hata kama mkono wake ni mzito. Shule inayompandisha mtoto darasa kwa kuhesabu siku alizofika itatoa vyeti vingi.

Tena malipo yana hatari yake. Mwaka 1973 watafiti Lepper, Greene na Nisbett walichapisha jaribio walilofanya kwa watoto wadogo waliopenda kuchora. Walioahidiwa cheti kwa kuchora, baadaye walipoachwa huru walitumia takriban nusu ya muda waliotumia wenzao ambao hawakuahidiwa kitu. Waliopewa cheti bila kukitarajia hawakupungua hamu. Sisemi gemu ni kalamu za rangi. Nasema ukimzoeza mtu kwamba kila risasi ina mshahara, usishangae siku mshahara ukikoma akaiona risasi haina ladha, ilhali mwanzoni aliipenda bure.

Sasa tuangalie waliojaribu njia nyingine. Ipo EVE Online, gemu ya vita vya angani iliyoanza mwaka 2003, yenye dunia moja ambamo karibu wote wanaishi pamoja. Mwishoni mwa Januari 2014, muungano mmoja haukulipa kwa wakati ada ya kumiliki eneo liitwalo B-R5RB. Ada ya eneo, kama kodi ya nyumba. Maadui wakaona umiliki umelegea, wakaingia, na vita vikaendelea kwa takriban saa 21, wachezaji zaidi ya elfu saba wakihusika, meli kubwa kabisa za aina ya Titan 75 zikateketea. Kila moja ya meli hizo ilikuwa imejengwa na watu wengi kwa wiki na miezi, na hasara ya jumla ilikadiriwa kuzidi dola 300,000. Watengenezaji waliacha mabaki ya meli yakielea pale pale kama kumbukumbu. Mchezaji aliyejiunga miaka mingi baadaye anaweza kwenda kuyaona. Hakuna aliyepanda levo kwa vita vile. Ramani ndiyo iliyobadilika, na miungano ikavunjika na kuungwa upya.

Ipo na Foxhole, ambayo mimi binafsi naipenda kuliko zote kwa jinsi ilivyo na ubishi. Ni vita vya pande mbili vinavyoendelea kwa wiki kadhaa usiku na mchana, uwepo au usiwepo. Kila risasi inayopigwa mstari wa mbele imetokana na vyuma ambavyo mchezaji fulani alivikusanya, mwingine akavipeleka kiwandani, mwingine akapakia lori akaendesha nusu saa gizani. Kuna watu hawajawahi kufyatua bunduki ndani yake. Wao ni wachukuzi. Januari 2022 wachukuzi hao waligoma. Walijipanga kutoka pande zote mbili za vita, wakaandika barua ya wazi, wakalalamika kwamba kazi yao imefanywa ya kuchosha kupita kiasi na watengenezaji hawasikii. Mji wetu huu uliosimama kwa mgomo mkuu Januari 1947, miaka 75 kamili kabla, unalielewa jambo hilo bila kuelezwa. Hakuna anayegomea kazi isiyokuwa na mtu anayeitegemea. Waliweza kugoma kwa sababu mstari wa mbele ungekosa risasi. Jaribu kugomea kazi ya siku ya kuua wawili kwa bastola uone nani atajua.

Na katika Foxhole vita vikiisha kila kitu hufutwa. Hapa ndipo wanaolaumu kufutwa kwa cheo wanapokosea hesabu. Kufutwa si ubaya wenyewe. Vita vya Foxhole hufutwa kwa sababu upande mmoja umeshinda, na walioshindwa wanaweza kukutajia daraja waliloshindwa kulishika. Msimu wa PUBG Mobile hufutwa kwa sababu tarehe imefika. Wa kwanza ni mwisho wa kisa, wa pili ni kukatika kwa umeme.

Wapinzani wa dunia za namna hii wana lao, na lazima nilikubali. Dunia inayokumbuka hukumbuka pia utajiri. Waliotangulia wana meli, wana ardhi, wana ndugu elfu, na mgeni anaingia kuwa kuli wao. Dunia isiyolala humdai mtu muda ambao mwenye kazi hana. Kuna waliokuwa wakiweka kengele saa tisa za usiku kwenda kulinda kituo cha angani, jambo ambalo ukimweleza mama yako atakusomea Yasini. Helldivers 2 ilijaribu kuukata mzizi huo mwaka 2024. Wachezaji wote wa dunia wako upande mmoja, wanapigana na maadui wa kompyuta, na ushindi wa kila kikosi unaongeza tone kwenye ramani ya nyota inayosogea siku hadi siku. Aliyecheza nusu saa ametia tone lake. Mei ile waliwahi kupewa uchaguzi, wakomboe sayari moja wapate mabomu mapya ya kutega ardhini au waikomboe nyingine waokoe hospitali yenye watoto wagonjwa. Waliyaacha mabomu wakaenda hospitali, na watengenezaji wakatoa mchango halisi kwa shirika la Save the Children. Udhaifu upo: nyuma ya pazia kuna mtu anayesukuma vita huku na huku, na mchezaji akishahisi kwamba matokeo yamekwisha kuandikwa, tone lake linakuwa maji tu. Bado lakini, watu walikuwa wakizungumzia sayari, hawakuzungumzia pasi.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo isemwayo na wengi, tena na pande mbili zisizopatana. Wazazi husema, na wachezaji wa zamani wanaojiona watakatifu husema vile vile: "Si gemu tu? Lengo la muda mrefu la nini?" Mzazi anamaanisha mtoto azime akasome. Mzee wa Counter-Strike anamaanisha raha ya mpigo inatosha, ukitaka zaidi wewe ni mgonjwa. Wote wawili wanadhani mchezo na lengo la kudumu havikai chumba kimoja, na wote wawili wamesahau wanaishi mji gani.

Bao linachezwa hapa pasipo levo wala pasi. Kete 64, mashimo 32, unaanza na hatua ya namua, unaingia ya mtaji, na ukimshinda mtu angali na kete za kunamua unasema umemfunga mkononi, na neno hilo litamfuata mpaka sokoni. Hakuna daftari. Fundi ni fundi kwa sababu baraza linakumbuka. Na kama bao ni la watu wawili mno kulinganishwa na vikosi, kumbuka beni. Vyama vya ngoma vilivyozaliwa pwani hii mwishoni mwa karne ya 19, vyenye tarumbeta, gwaride, sare na vyeo vya kijeshi. Hapa Mombasa Kingi na Scotchi walikuwa wakishindana mitaani kwa bendi na mapambo, na mtindo huo ukasafiri hadi Tanganyika ukawa Marini na Arinoti. Hakuna aliyekuwa akipigana kweli, na bado vyeo vilikuwa na uzito, kwa kuwa kila cheo kilikuwa na wajibu kwa wenzako: kuchangisha, kuandaa, kwenda kwenye maziko ya mwanachama. Akina mama wakawa na lelemama, ngoma yao, chama cha Ibinaal Watan kwa upande mmoja na Banu Saada kwa upande mwingine, wakishindana kwa karamu na mavazi hadi lawama za israfu zikasikika. Kwa hiyo hata skini, yaani mavazi ya gemuni, za bei ghali si ugeni kwetu. Tofauti ni kwamba vazi la lelemama lilionwa na mtaa uliokujua, na mwaka wa pili mtaa uliuliza mbona mwaka huu hamkutoka. Skini ya pasi inaonwa na mgeni aliyeko Dubai kwa sekunde nne kabla hajakupiga risasi.

Kwa hiyo "gemu tu" haisimami. Watu wa hapa wamejenga vyeo, uadui na uaminifu wa miaka juu ya ngoma tu na kete tu. Swali la kuuliza ni nani anayelishika daftari, na kilichoandikwa ndani kinamhusu nani.

Kwetu swali hilo lina ncha kali zaidi, maana daftari la gemu hizi linashikwa mbali sana. Nyaya za intaneti za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zilitua Mombasa mwaka 2009, zinaingilia hapa hapa kabla ya kupanda bara, lakini mchezaji wa Kisauni bado anaunganishwa na seva zilizo nje ya Afrika Mashariki. Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini, intaneti ya kanda nzima ikalegea kwa siku kadhaa. Mtengenezaji hakusimamisha msimu kwa ajili hiyo, wala sikutarajia. Siku za kuingia mfululizo zilikatika, pointi zikashuka. Msimu ukiangukia kumi la mwisho la Ramadhani ni vivyo hivyo: kijana anatoka tarawehe amebakiwa na saa mbili kabla ya daku, na ngazi haijui daku ni nini. Kipimo kilichotungwa pasipo kukujua kitakuhukumu pasipo kukujua. Hapo ndipo wanaoandaa mashindano hapa wanapokosea, naona, wanapoweka sharti kwamba kikosi kisajiliwe kwa cheo cha msimu. Wanaliacha walilo nalo, yaani watu wanaofahamiana wa Majengo, Tudor na Likoni, wanaazima mizani ya mtu aliyeko mbali ambaye ataifuta baada ya wiki chache. Ligi ndogo ya mitaa, inayoendelea mwaka mzima, yenye matokeo yanayobebwa kutoka mwezi hadi mwezi na kikosi kilichofungiwa kutoazima mchezaji katikati, ingekuwa na uhai kuliko kombe la siku moja lenye bango kubwa. Ingehitaji pesa kidogo na ubishi mwingi, na ubishi tunao.

Wale vijana wanne hawakungoja ligi. Baada ya jioni ile ya bastola walinuniana siku tatu, kisha mmoja wao akaja na daftari la shule la kurasa 48, jalada lake limeshakuwa na duara la kikombe cha chai. Amepiga mistari kwa rula. Tarehe, ramani, nafasi waliyotoka, na safu moja ambayo sijaiona kwenye gemu yoyote ikipewa heshima ya kwanza: nani amemwinua nani. Misimu miwili imekwisha tangu hapo, vyeo vyao vimeshushwa mara mbili, na daftari limefika ukurasa wa 31. Yule wa bastola alikaa wiki ya kwanza nzima bila alama hata moja kwenye safu ile. Juzi nilimkuta amelishika yeye, anabishana kwamba Jumanne alimwinua mtu mara mbili na wameandika moja.